Mlango Nao Huulizwa Jina

Kisanduku chenyewe si kikubwa kuliko punje ya mtama. Kimekaa katika dirisha la kuandikia nywila, na ubavuni mwake pana maneno ya kumwambia mwenye laptopu kwamba cheti cha mamlaka hakihitajiki. Anayekitazama na awe, kwa mfano, binti wa Adu, kule Magarini ng'ambo ya mto Sabaki, aliye mwaka wa kwanza katika chuo kikuu kimoja cha mwambao. Laptopu yake ni ya mtumba, nayo imewekwa Linux kwa sababu Linux haidai leseni wala haiielemei mashine kongwe. Simu za wenzake zimeshaingia kwenye waifai ya chuo. Laptopu yake inazunguka, inazunguka, kisha inamuuliza nywila upya, kana kwamba aliyoiandika mara nne haijasikika.

Mwenzake wa mwaka wa tatu anamwinamia begani. "Dadangu, tia tiki hapo. Utaingia tu."

Anatia. Anaingia. Maandishi ya mhadhiri yanapakuliwa, naye hana habari kwamba amekwisha kulijibu swali lililowahangaisha masheikh, wazee wa kaya na wanafalsafa kwa karne nyingi: je, kuamini huanza pale kuuliza kunapokoma, au kuuliza nako ni sehemu ya kuamini?

Waifai hiyo inaitwa eduroam, na asili yake ni Uholanzi. Mwaka 2002 Klaas Wierenga, akifanya kazi SURFnet, shirika la mtandao wa vyuo vya nchi hiyo, alitoa wazo kwamba mwanafunzi aweze kutumia waifai ya chuo chochote kwa akaunti ya chuo chake mwenyewe. Leo huduma hiyo iko katika nchi zaidi ya 100. Nchini Kenya msimamizi wake ni KENET, mtandao wa vyuo na taasisi za utafiti ulioanzishwa mwaka 1999. Mwanafunzi wa Kilifi akifika Nairobi, Kampala au Amsterdam, laptopu yake hulikuta jina lile lile hewani na kuunganishwa kabla hajaketi.

Ustadi wake uko katika safari ya ombi. Antena iliyo ukutani haijui nywila ya mgeni, wala haitakiwi kuijua. Mgeni hutaja anwani yake, na sehemu inayofuata alama ya @ ndiyo inayoeleza kwao ni wapi. Ombi hupitishwa kutoka seva hadi seva, ya chuo mwenyeji, ya nchi, na ikibidi ya kimataifa, mpaka lifike nyumbani kwa mgeni. Huko ndiko nywila inakokaguliwa, ndani ya handaki la siri lililochimbwa baina ya laptopu na seva ya kwao. Wajumbe wa njiani hubeba bahasha wasiyoweza kuifungua. Jibu nalo hurudi kwa njia iyo hiyo: huyu ni wetu, mpokeeni.

Ila handaki hilo lina ncha mbili, na anayechimba upande huu hamwoni anayechimba upande wa pili. Jina eduroam ni herufi 7 tu zinazoelea hewani. Mtu yeyote mwenye kifaa cha kurushia waifai anaweza kukaa nyuma ya kantini na kukitangaza kwa jina hilo. Laptopu iliyoambiwa isidai cheti itamkimbilia, ichimbe naye handaki la siri kwelikweli, na ncha ya pili itokeze miguuni pa mwizi. Nywila kwa kawaida husafiri humo ikiwa imefunikwa kwa njia iitwayo MSCHAPv2. Mwaka 2012, huko Las Vegas, Moxie Marlinspike na David Hulton walionyesha kwamba kifuniko hicho chote kinashikiliwa na ugumu wa kuutafuta ufunguo mmoja wa DES, usimbaji wa kizamani, kazi ambayo mashine za leo huimaliza.

Pwani inaijua adabu ya mlango. Mgeni hupiga hodi, mwenyeji hujibu karibu, na baina ya hodi na karibu hupenya neno moja: nani? Imepokewa katika Sahihi ya al-Bukhari kwamba Jabir bin Abdullah alibisha mlango wa Mtume (S.A.W.) kwa jambo la deni la baba yake. Akaulizwa ni nani, akajibu kwamba ni yeye: mimi. Mtume akalirudia neno hilo kama mtu asiyelipenda. Jabir hakusema uongo. Kosa la jibu lake ni kwamba kila abishaye angeweza kulitoa, mwema kwa mwovu, na yote yakawa kweli. Eduroam ni "mimi" ya hewani.

Katika kisa cha laptopu, hata hivyo, zamu zimegeuka. Mgeni ndiye anayepaswa kuuliza, mlango ndio unaopaswa kujibu, kwa sababu mgeni ndiye aliyebeba amana. Mwenye duka pale Adu anaielewa hali hii bila kufundishwa. Akituma pesa kwa M-Pesa hungoja jina la mpokeaji litokee kabla ya pesa kuondoka, na Safaricom haikutafuta mbali ilipoipa huduma hiyo jina: Hakikisha.

Wanazuoni wa Hadithi walijenga elimu nzima juu ya swali la nani. Habari haikutosha kuwa nzuri. Iliulizwa imetoka kwa nani, naye kaipokea kwa nani, mpaka mnyororo ufike kwa aliyesikia kwa masikio yake. Kiungo kimoja kibovu kiliiangusha habari nzima. Al-Bukhari alisifika kwa kutaka zaidi ya hapo: haikumtosha kwamba wapokezi wawili ni waaminifu na waliishi zama moja, alitaka ithibati kwamba walikutana. Mwambao uliurithi utaratibu huo kwa sura ya ijaza, idhini ambayo mwalimu humpa mwanafunzi naye awe kiungo, na madarasa ya Lamu, Mombasa na Unguja yalitambuana kwa minyororo hiyo.

Cheti cha seva kimefumwa vivyo hivyo. Seva ya chuo imesainiwa na mamlaka fulani, nayo imesainiwa na mamlaka iliyo juu yake. Sharti la al-Bukhari lina nafasi hapa pia. Mwanafunzi anayeiambia laptopu iangalie mnyororo peke yake, bila kuiandikia jina la seva ya chuo, ameacha upenyo. Yeyote aliyepata cheti halali kwa ajili ya tovuti yake ya kuuzia viatu, kutoka mamlaka iyo hiyo, atapita. Mnyororo wake ni mzima. Ila siye aliyekusudiwa.

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947) aligombana na watu wa zama zake kwa jambo linalofanana na hili. Kutoka Mombasa, katika chapisho lake la Sahifa na baadaye katika gazeti la Al-Islah alilolianzisha mwaka 1932, aliwahimiza Waislamu wa pwani waijue dalili ya wanalolifanya, wasilifanye kwa kuwa tu wamelikuta likifanywa. Wapo waliomwona mkorofi. Kumuuliza mzee ushahidi, kwao, kulikuwa ni kumvunjia heshima. Kwake yeye kuuliza ndiko kulikokuwa heshima, kwani dini iliyofika kwa mnyororo haikufika ili mnyororo ufichwe.

Basi mnyororo na ufuatwe mpaka juu. Seva imesainiwa na mamlaka ya kati, mamlaka ya kati imesainiwa na ile iitwayo ya mzizi. Na mzizi je? Mzizi umejisaini wenyewe.

Hakuna hila hapo, kila mwenye elimu hii anakiri. Laptopu ya Linux hubeba vyeti vya mizizi zaidi ya 100 ndani ya folda ambayo watumiaji wengi hawataifungua maishani mwao. Ubuntu, mfumo uliotoka kwa mara ya kwanza Oktoba 2004 na ambao jina lake la Kibantu Mswahili akilisikia husikia utu, huvipokea kutoka orodha inayotunzwa na Mozilla. Binti wa Adu, pasipo kujua, amerithi imani ya watu asiowajua kwa watu wengine asiowajua. Tena urithi huo una historia ya kusalitiwa. Mwaka 2011 wavamizi waliingia katika mamlaka ya DigiNotar, huko huko Uholanzi ilikozaliwa eduroam, wakatoa vyeti bandia, kimojawapo kwa jina la Google, kikatumiwa kuwapeleleza watu wa Iran. Vivinjari viliung'oa mzizi ule, na kabla ya Septemba kwisha DigiNotar ilikuwa imefilisika.

Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliwahi kuufuata mnyororo wake hadi huko. Katika al-Munqidh min al-Dalal anasimulia jinsi alivyoanza kwa kuyatilia shaka macho, kwa kuwa macho huiona nyota ndogo kama dinari ilhali hesabu inasema ni kubwa kuliko dunia. Kisha akaitilia shaka akili iliyoyakosoa macho: ni nani ajuaye kama hakuna hakimu mwingine juu yake, atakayeikosoa vilevile? Alikaa katika ugonjwa huo karibu miezi miwili. Anasema hakupona kwa kupanga hoja, alipona kwa nuru ambayo Mungu aliitia kifuani mwake. Wengi hukisoma kisa hicho kama ushindi wa imani dhidi ya maswali. Lakini Ghazali hakuifikia nuru ile kwa kuyakwepa maswali, aliyauliza yote mpaka yakamwishia.

Wagiriama, mojawapo ya jamii za Mijikenda, wanakijua kitu kinachosimama mahali kama hapo. Katika kaya za Mijikenda, misitu mitakatifu ambayo UNESCO iliitia katika urithi wa dunia mwaka 2008, hufukiwa fingo, kinga ya jamii ambayo mapokeo yanasema ililetwa kutoka Shungwaya, chimbuko lao. Mahali ilipofukiwa hujulikana na wazee wachache. Fingo haishuhudiwi na kitu kingine, vitu vingine ndivyo vinavyoegemea juu yake. Mekatilili wa Menza alipowakusanya watu dhidi ya serikali ya Waingereza mwaka 1913, hakutaka waape mahali popote tu. Viapo vililiwa katika kaya ya Wagiriama, cha fisi kwa wanaume na cha mukushekushe kwa wanawake. Serikali ililielewa hilo vizuri. Mwaka uliofuata iliilipua kaya kwa baruti.

Kuna tofauti, na si ndogo. Fingo ilikuwa na wazee wake, wanaojulikana kwa mbari na kwa rika, ambao mtu angeweza kwenda kuketi mbele yao. Mzizi ulio ndani ya laptopu hauna uso. Ndiyo maana ni rahisi mno kutia tiki: asiyeonekana hana wa kumwonea haya.

Magarini haiwezi kuandikiwa habari za imani bila msitu wa Shakahola kutajwa. Tangu Aprili 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa humo, ya watu walioambiwa, kwa mujibu wa mashtaka, kwamba kufunga mpaka kufa ndiyo njia ya kumfikia Yesu. Walioshtakiwa walikana walipofikishwa kortini, na mahakama ndiyo yenye neno lake. Laptopu isiyoingia mtandaoni haiwezi kuwekwa katika mizani moja na kaburi la mtoto. Lakini baada ya msiba ule, familia nyingi za pwani zilibaki na swali ambalo hakuna sala iliyolinyamazisha: ni nani aliyepaswa kuuliza, na kwa nini kuuliza kulionekana kuwa upungufu wa imani? Tangu hapo, katika kata za Magarini, neno "amini tu" halisikiki tena kama lilivyosikika zamani.

Ni haki kusema pia kwamba mashine inayouliza sana humkataa hata mwaminifu. Laptopu ya mtumba huweza kufika na betri ya saa iliyokufa, ile ya mviringo kama sarafu. Kila laptopu ikiishiwa chaji, kalenda yake hurudi miaka nyuma. Kwa mashine inayodhani huu ni mwaka 2019, cheti kilichotolewa mwaka 2024 bado hakijazaliwa, na seva inayokionyesha ni mwongo. Laptopu hukataa kuunganishwa. Ingeweza kusahihisha saa yake kwa kuuliza mtandaoni, lakini mtandaoni haifiki kwa sababu ya saa. Mzunguko huo haukatiki kutoka ndani. Lazima mtu wa kando atazame saa ya mkononi na kuiandika kwa amri ya date.

Watu wa mwambao wanaujua wakati wa namna hiyo, unaopokewa kutoka kwa mtu. Jioni ya 29 Shaabani, kutoka Vanga hadi Kiunga, macho huelekea magharibi. Hesabu za wanajimu zipo na zinaheshimiwa, lakini wengi hungoja kauli ya aliyeuona mwezi, akajulikana ni nani, na habari yake ikamfikia Kadhi.

Sababu ya pili ya mashine kumkataa mwaminifu ina sura ya ahadi iliyochakaa. Aprili 2022 Ubuntu 22.04 ilitoka ikiwa na OpenSSL 3.0, maktaba ya usimbaji, na laptopu zilizokuwa zikiingia vyuoni kila siku zikagoma pale ambapo seva bado zilizungumza TLS 1.0, itifaki ya mwaka 1999 iliyotangazwa rasmi Machi 2021 kuwa isitumike tena. Waliofungua kumbukumbu za mashine kwa amri ya journalctl walikuta maneno makavu kwamba itifaki haikubaliki. Nywila ilikuwa sahihi, cheti sahihi, mwanafunzi sahihi. Kilichokataliwa ni lugha. Dawa iliyoenea upesi ilikuwa kuhariri faili la OpenSSL na kushusha kiwango cha usalama kwa kila programu inayoitegemea humo ndani. Wengine walitulia, wakaulegeza muunganisho huo mmoja tu, huku wakiiandikia idara ya chuo ibadilishe seva. Wanafunzi wa fikihi wataitambua kanuni: kilichohalalishwa na dharura hupimwa kwa kadiri ya dharura. Mwenye njaa jangwani amepewa ruhusa ya tonge, hakupewa ruhusa ya karamu.

Dawa ya kudumu kwa binti wa Adu haianzii kwenye kibodi. Huduma ya eduroam hutoa kwa vyuo vilivyojiandikisha faili dogo la kusakinisha. Kwa Linux ni programu fupi ya Python, nayo huliandika ndani ya NetworkManager, programu inayosimamia miunganisho ya laptopu, jina la seva ya chuo pamoja na cheti cha mzizi wake, ili laptopu ijue imtafute nani na imkatae nani. Faili hilo hupatikana mtandaoni, na asiye na mtandao hulipakua kwa bando la simu au hulipokea kwenye flashi.

Kutoka kwa nani, basi? Hapo ndipo jambo lote linaporudi mahali pake. Akipewa na yule wa mwaka wa tatu, amepokea kwa mpokezi ambaye jana alimwambia atie tiki. Njia iliyo nyoofu ni ndefu kidogo: kuvuka ua, kupanda ngazi mpaka ofisi ya mitambo, kungoja zamu kwenye benchi, na kumuuliza kaka au dada aliye zamu faili la chuo na alama ya kidole ya cheti, ile safu ya tarakimu na herufi ambayo haifanani kwa vyeti viwili. Mmoja anasoma, mwingine anafuatisha kwenye kioo, jozi baada ya jozi, kama watoto wa madrasa wanaorudiana aya. Zikilingana, mzizi usio na uso umepata uso. Si ithibati kamili. Afisa naye ameupokea kutoka kwa mwingine. Lakini ana meza, ana jina mlangoni, na kesho atakuwapo kuulizwa tena. Watu wa ijaza hawakuwahi kudai zaidi ya hapo: kwamba mwisho wa kila mnyororo unaofuatika, upande huu wa Mungu, pawe na mtu aliyeketi na mtu.

Jioni ile kisanduku kinabaki kitupu na laptopu inaingia yenyewe. Likizo ikifika, msichana huyo anapanda matatu kutoka Kilifi hadi Malindi, anavuka Sabaki na kukata kuelekea Adu. Huko hakuna eduroam. Ndugu yake mdogo, aliyesikia hadithi nzima na kuiona ya kuchekesha, anabadilisha jina la hotspoti ya simu yake na kuiita eduroam, kisha anajibanza nyuma ya mlango wa jiko kuona kitakachotokea. Laptopu inaliona jina. Hotspoti ya simu huuliza neno moja la wote, haina seva ya kutoa cheti, na muunganisho uliohifadhiwa unadai cheti. Dakika zinapita. "Mbona haishiki?" anauliza mtoto, akichungulia.

"Imekuuliza wewe nani," dada yake anamjibu, akimenya muhogo.